Kabla Hujafungua Kabureta

Wadogo zangu mnaoanza kushika spana, nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa na miezi minne tu gereji, hapa Arua, Uganda, lakini nilishajiona fundi kwa sababu nilijua kubadilisha breki. Ikaletwa Corolla KE70, zile za injini ya 4K, imevutwa kwa kamba. Stata inazunguka vizuri, gari haliwaki. Mzee aliyenifundisha alikuwa ameenda sala ya Ijumaa. Nikasema moyoni, akirudi atalikuta linanguruma. Nikaivua kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, nikaipindua juu ya gunia ili niioshe. Kigololi kidogo cha chuma, kile kinachokaa chini ya pistoni inayorusha petroli unapokanyaga mafuta, kikadondoka mchangani wala sikukiona.

Mzee aliporudi hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Petroli ilikuwa inafika kwenye kabureta?" Sikuwa na jibu. Akalala chini ya gari, akapitisha kidole kwenye mpira unaotoka tangini, akaukunja kidogo, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele. Pampu ilikuwa inavuta hewa badala ya petroli. Kipande cha mpira kisichozidi kiganja! Mwenye gari akaenda zake kwa boda, mimi nikabaki mpaka magharibi napepeta mchanga kwa sumaku ya spika ya redio.

Kwa hiyo nitakayowaambia yote yanazunguka swali hilo la Mzee. Petroli ina safari: tangi, chujio, pampu, mpira, kabureta au injekta (sindano inayopuliza petroli kwenye magari ya baadaye), kisha silinda. Ukijua imekwama kituo gani, kazi imebaki ndogo. Usipojua, utafungua vitu vizima na kuviharibu.

Kabla ya spana kuna mdomo. Muulize mwenye gari aliweka mafuta lini, wapi na kiasi gani. Kwetu swali la kiasi ni zito kuliko linavyoonekana. Watu wengi wanaingia sheli na noti ya elfu kumi, ambayo ni lita chache tu, kisha kesho tena elfu kumi. Tangi linaishi likiwa tupu mwaka mzima. Usiku hewa ya ndani inapopoa, unyevu unageuka matone ukutani na kushuka chini kama maji. Bati linashika kutu. Uchafu wote unasogea kwenye mdomo wa pampu. Na kwa magari yenye pampu ndani ya tangi, petroli ndiyo inayoipoza ile mota. Pampu inayofanya kazi nje ya petroli inaungua polepole. Nimeshatoa pampu nyingi zilizokufa namna hii, na wenye magari wakaapa kuwa walikuwa "wanabana matumizi".

Swali la wapi nalo lina maana yake. Arua ilikuwa na vijana maarufu walioitwa OPEC, waliouza petroli kwa madumu barabarani, na hadi leo ukiishiwa vijijini dumu ndilo linalokuokoa. Sina ugomvi na muuzaji. Ninalolitazama ni dumu lenyewe, maana dumu la leo jana lilibeba maji au mafuta ya taa. Chota petroli kidogo kutoka tangini, itie kwenye chupa nyeupe ya kioo, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utauona mstari. Kama unashuku mafuta ya taa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi itakauka na kuondoka, mafuta ya taa yataacha doa la mafuta.

Sasa shika spana, lakini ya plagi, ile inayowasha petroli kwa cheche. Piga stata sekunde chache, kisha toa plagi moja uitazame. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika. Funga mdomo kuhusu pampu na uende ukatafute moto wa plagi, koili inayouzalisha na distribyuta inayougawa. Ikiwa kavu kama mfupa, hapo ndipo safari ya petroli inapokuhusu. Nimeona kijana akibadilisha pampu mbili kwa gari ambalo plagi zake zilikuwa zinadondosha petroli. Hakuzitoa hata moja kuzitazama.

Kwa gari la kabureta kuna kipimo kisichohitaji hata kufungua nati kubwa. Ondoa kifuniko cha chujio la hewa, chungulia koo la kabureta, vuta kwa mkono waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedali. Ukiona mchirizi wa petroli unaruka, bakuli la petroli ndani ya kabureta lina mafuta. Usipouona, tazama kidirisha cha kioo pembeni mwa kabureta, Toyota nyingi za zamani wanacho. Petroli inapaswa kukaa katikati ya kioo. Bakuli likiwa tupu, gonga kwa upole ubavuni kwa mpini wa bisibisi, maana sindano ya floti (boya linalofungua na kufunga petroli) hunata gari likikaa muda mrefu. Bado tupu? Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, ondoa waya mwembamba unaoleta umeme kwenye koili ili pasiruke cheche, mwenzako apige stata. Pampu nzima itatema kwa mapigo, pu, pu, pu. Ikitema hewa na povu, usiilaumu bado. Rudi nyuma ukatafute ufa kwenye mipira ya upande wa kuvuta. Ufa huo hauvuji chini, kwa hiyo macho hayatakusaidia. Njia ya haraka ni kuinywesha pampu kutoka dumu dogo safi kwa mpira mpya. Ikitema vizuri, pampu ni nzima na ugonjwa uko kati yake na tangi.

Jambo moja kuhusu pampu hizi za diafragamu, yaani utando unaosukuma petroli, ambalo wengi hawalijui mpaka liwagharimu injini: diafragamu ikipasuka, petroli inaweza kushuka kwenye oili. Vuta kijiti cha oili, kinuse. Oili ikiwa imepanda na inanuka petroli, usiwashe tena. Badilisha pampu na umwage oili yote, hata kama mwenye gari ananuna.

Ukilazimika kuifungua kabureta, ifungue ukiwa umetandika kitambaa cheupe ndani ya beseni. Sasa mnajua kwa nini. Tundu za jeti, vile vijibomba vidogo vinavyopima petroli, zipulize kwa hewa ya kompresa, au tumia uzi wa kuvulia samaki. Jeti ni ya shaba laini. Ukiichokonoa kwa waya wa chuma unapanua tundu, na gari litakula petroli mpaka mwenyewe aje kukutafuta.

Gari za injekta, kama Kikumi, yaani Corolla AE100 inayojaa kila mtaa wa Uganda, zinawatisha vijana bure. Funga redio, mwambie kila mtu anyamaze, fungua mdomo wa tangi, weka sikio. Mwenzako apige stata. Utasikia mlio mwembamba wa pampu au hutasikia kitu. Ukisikia kimya, anza na fyuzi na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kiboksi kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha +B na FP kwa kipande cha waya huku swichi iko on, pampu inapata umeme moja kwa moja. Soma maandishi ya kifuniko mara mbili, tundu la jirani linaweza kukuunguzia kitu. Pampu ikilia hapo na haikulia kwenye stata, pampu ni nzima. Tafuta rilei na amri inayotoka kwenye kompyuta.

Ikiwa kimya bado, inua kiti cha nyuma ufike kwenye plagi ya waya za pampu. Hapa mita inaweza kukudanganya. Itakuonyesha volti 12 safi, na pampu isizunguke, kwa sababu waya wenye kutu unapitisha volti lakini haubebi mzigo. Mimi natumia balbu ya indiketa niliyoifungia nyaya mbili. Ikiwaka kwa nguvu, umeme upo na pampu imekufa. Ikiwaka hafifu kama tadooba, yaani kibatari, kuna waya umeoza, na mara nyingi ni ule wa ethi unaofungwa kwenye bodi. Kuusugua kwa msasa hakugharimu kitu. Nimeokoa pampu kadhaa kwa msasa.

Kuna ujanja wa kupiga chini ya tangi kwa ngumi huku stata inazunguka. Unafanya kazi, kwa kuwa brashi za mota zilizokwisha hurudi kugusa. Lakini gari likiwaka hivyo, lipeleke gereji siku hiyohiyo, usilipeleke Kampala.

Halafu hili nalisema kwa ukali. Laini ya injekta inabeba presha ya karibu baa tatu (baa ni kipimo cha presha), wakati pampu ya kabureta haifiki hata nusu baa. Yale machujio ya plastiki ya kuonekana ndani usiyafunge kamwe kwenye laini ya injekta. Yatapasuka juu ya injini ya moto. Mpira nao ununue wa injekta. Na kabla ya kufungua chujio la chuma, zungushia kitambaa, legeza polepole, maana presha inaweza kubaki humo hata gari likiwa limezimwa tangu jana.

Moto wa petroli haungojei wala haukosei. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kujaa kwenye shimo la gereji, kisha unatafuta sigara au cheche ya betri. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kufungua laini. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Maji yatausambaza moto. Usivute petroli kwa mdomo, ikiingia kwenye mapafu ni hospitali, na aliyemeza asilazimishwe kutapika. Wala usimimine petroli kwenye koo la kabureta huku stata inazunguka. Nyusi zangu ziliota tena baada ya wiki nyingi, na Mzee alikuwa akinicheka kila asubuhi.

Nusura nisahau kifuniko cha tangi. Pikapu moja ilikuwa ikizimika kila ikifika katikati ya njia ya Koboko, ikipumzika inawaka. Ilishabadilishiwa chujio na pampu kwingine. Kifuniko kilipotea, mwenyewe akafunga mdomo kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, na mpira wa baiskeli, imekazwa kama ngoma. Hewa haikuweza kuingia, pampu ikawa inavuta dhidi ya tangi lililojifunga. Nilipofungua kaveera, tangi likavuta pumzi kwa sauti hadi tandiboi akaruka nyuma. Bei ya kazi ile sikujua niiseme vipi.

Ukimaliza, usimpigie mwenye gari simu papo hapo. Washa, kagua kila muungano kwa kidole kikavu na kwa pua, kisha zima na uliache lilale. Gari linaloficha ufa huwaka vizuri jioni na kukataa asubuhi, kwa sababu petroli imerudi tangini usiku. Likiwaka alfajiri kwa mara ya kwanza, mpigie. Na ule mpira wa zamani, au pampu iliyokufa, mfungie kwenye gazeti umwekee kwenye kiti cha mbele, aufunue mwenyewe.