Tangi la Nyumbani: Usiutupe Usumba, Mayai Bado Yamelala

SWALI: Shikamoo Mama. Kaka yangu anayefanya kazi Unguja aliniletea kifuko cha usumba wa nazi chenye mayai ya wale samaki wadogo wa madimbwini, Nothobranchius guentheri. Aliniambia yakitimiza miezi mitatu niyamwagie maji, nikafanya hivyo. Wametoka vifaranga wachache mno, na wengi wao hawaogelei, wanajiburuta chini ya beseni. Niutupe usumba? Na hao wanaojiburuta watapona?
Msomaji, Buhongwa, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiutupe! Hazina yako kubwa bado imo humo.

Samaki huyu kwao ni madimbwi ya Unguja yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Dimbwi likikauka wazazi hufa, na mayai yenye upana wa milimita moja hivi hubaki ndani ya tope. Sasa fikiria mvua ya kwanza idanganye: inyeshe siku mbili, dimbwi lijae, kisha jua lilikaushe kabla ya wiki mbili kwisha. Mayai yote yangeanguliwa siku ile, ukoo mzima ungepotea. Ndiyo maana mayai ya mama mmoja, hata yaliyotagwa siku moja, hayakui kwa mwendo mmoja. Mengine husimama kabisa, kiinitete kikalala kwa wiki au miezi, ndipo kikaendelea. Wataalamu huita kusimama huko dayapozi, na yai linaweza kusimama katika hatua tatu tofauti za ukuaji. Mimi kila nikilitazama jambo hili nashangaa upya jinsi kitu kidogo hivyo kilivyopangwa.

Kwa hiyo miezi mitatu uliyoambiwa ni makadirio tu, ya joto la nyuzi 24 au 25. Chumba chenye bati bila dari, mchana wa Buhongwa, kinapita hapo kwa mbali. Chumba cha chini kinachopata upepo wa ziwa hakifiki. Kalenda haikusaidii. Tazama macho.

Tandaza usumba kidogo kwenye sahani nyeupe, mahali penye mwanga mzuri, uchukue kioo cha kukuzia. Yai jeupe lenye ukungu limekufa, litoe. Yai la rangi ya asali lililo angavu liko hai, limelala. Yai lililo tayari limejaa kiumbe mweusi aliyejikunja, na utaona macho mawili makubwa yenye pete ya dhahabu. Ukiyaona macho hayo kwenye mayai mengi, basi mwagia maji. Kabla ya hapo, subiri.

Ulio nao sasa uchuje kwa kitambaa, uukamue kwa ngumi mpaka usitoe tone, ila usiukaushe ukawa vumbi. Rudisha kwenye mfuko wa plastiki, funga, andika tarehe, weka kabatini. Baada ya wiki tatu au nne anza kuchungulia macho.

Siku ya kumwagia, tumia maji ya mtungi. Nasema mtungi wa udongo hasa, kwa sababu mayai haya hupenda maji ya baridi ya mvua, nyuzi 18 hadi 20, na mtungi uliokaa kivulini usiku kucha unakaribia hapo bila friji. Ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza, klorini itoke. Kina kisizidi sentimita tatu au nne. Kopo pana la aiskrimu latosha. Wengi wataanza kutoka ndani ya saa chache, wengine kesho yake.

Kina hicho kinahusu pia swali lako la mwisho. Kifaranga akitoka huhitaji kujaza hewa kibofu chake cha kuelea. Aliyetoka kabla hajakomaa, au aliyechelewa akachoka ndani ya yai, mara nyingi hushindwa, na maji yakiwa ya kina humzidia. Hao wanaojiburuta, mwanangu, wengi hawaponi. Watenge wale wanaoogelea, uwape chakula leo hii, usingoje kesho.

SWALI: Mama, huku kwetu mayai ya atemia, vile vijikamba vya maji ya chumvi vya kulishia vifaranga, hayapatikani dukani. Naweza kuchota vijidudu vya ziwani niwalishe vifaranga?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Usiingie majini kuchota. Kando ya ziwa letu, penye konokono na majani, ndipo kichocho kilipo, na hakuna samaki wa kukugharimu afya. Isitoshe, maji hayo huleta wadudu wanaokula vifaranga.

Weka ndoo ya maji juani na majani makavu machache, ukiifunika kwa chandarua ili mbu wasitage. Maji yakianza kuwa na ukungu hafifu, viumbe wadogo wamo. Wape kwa kijiko. Hata hivyo, ukipata mtu anayesafiri, agiza mayai ya atemia, maana hakuna kinachowakuza vizuri zaidi. Lita moja ya maji, chumvi gramu 25 hadi 30, pampu ya hewa ikichemka ndani, joto la nyuzi 26 hadi 28: baada ya saa 24 hadi 36 wameanguliwa. Wachuje, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi, walishe mara mbili au tatu kwa siku. Mabaki yaondoe kila jioni, ubadilishe sehemu ya maji. Wakilishwa hivyo, madume huanza kupata rangi kabla hawajafikisha wiki sita, na mkia ule mwekundu ndio utakaokwambia nani dume.

SWALI: Nimesikia wanakula viluwiluwi vya mbu. Nikiwazalisha, niwatie kwenye lambo la kijiji?
Msomaji, Ngudu, Kwimba

JIBU: Hapana, mwanangu, wala dimbwi, wala mbuga, wala mtaro. Bonde la Ziwa Victoria lina jamaa zao wenyewe, kama Nothobranchius robustus, na majike wa aina hizi wanafanana mno. Wakichanganyika, wa kwetu watapotea bila mtu kujua. Sisi tulioona sangara alivyowafanyia furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, baada ya kupandikizwa humo miaka ya 1950 hatuna haja ya kufundishwa tena. Wa Unguja abaki kwenye tangi lako, na mbu wa nyumbani wapunguze kwa kufunika mapipa ya maji.