Yatima Hawezi Kukataa

Swali la wiki lilikuwa: je, shujaa tajiri kama Batman wa hadithi za picha za Marekani anawatendea haki maskini wa jiji lake na watoto anaokwenda nao vitani? Nitaanza na watoto, maana hapo ndipo roho inaniuma.

Nafundisha gredi ya sita hapa Kisumu. Wanafunzi wangu wengi wanamjua Batman kutokana na vibanda vya video vya Kondele na Nyalenda. Wanajua kwamba yeye ni Bruce Wayne, bilionea aliyeuliwa wazazi akiwa mdogo. Wasichojua wengi wao ni kwamba tangu 1940, mwaka mmoja baada ya hadithi zake kuanza kuchapishwa, Batman amekuwa akiandamana na mtoto aitwaye Robin. Wa kwanza alikuwa Dick Grayson, mtoto wa sarakasi. Majambazi walitaka pesa za ulinzi, mwenye sarakasi akakataa, wakaharibu kamba, na wazazi wa Dick wakaanguka wakafa huku mtoto akiona. Bruce akamchukua. Haukupita muda, Dick akala kiapo kwenye mwanga wa mshumaa kwamba atapigana na wahalifu.

Kiapo hicho kinanisumbua kuliko ngumi zote zilizofuata. Sisi watu wa magharibi mwa Kenya tunaijua siku ya namna hiyo. Mama amezikwa, hema halijang'olewa, na jamaa mwenye uwezo kutoka Nairobi anasimama mbele ya wazee: "Huyu nitaenda naye, nitamsomesha." Watu wanashukuru, mwingine analia. Baadaye unasikia mtoto huyo ndiye anayepika, ndiye anayefua, ndiye anayebeba mtoto wa mwenye nyumba mgongoni, na shule imebaki hadithi. Nimepoteza wanafunzi kwa njia hiyo, wasichana werevu kabisa, na hakuna aliyeburutwa. Wote waliulizwa wakasema ndiyo. Mtoto aliyefiwa juzi, akiulizwa na mtu atakayemlisha kesho, atasema nini kingine?

Halafu tazama mavazi. Batman anatembea usiku amevaa rangi za giza ili asionekane. Robin yuko kando yake kwa nyekundu, kijani na manjano, na Dick alivaa hivyo miguu ikiwa wazi. Najua wachapishaji walitaka kuwavutia wasomaji wadogo, na walifaulu. Lakini ndani ya hadithi yenyewe kuna mtu mzima aliyemtazama mtoto akiwa hivyo, kisha akatoka naye kwenda kukutana na watu wenye bunduki.

Jason Todd, Robin wa pili, ndiye anayenitoa machozi. Katika masimulizi ya 1987 ni chokoraa wa kichochoro kilekile walikouawa wazazi wa Bruce, na wanakutana akiwa anaiba magurudumu ya gari la Batman. Mtoto kama huyo anahitaji chakula, kitanda, na mtu wa kukaa naye hadi hasira itulie. Chakula na kitanda alipata. Hasira yake ikapewa kazi. Mwaka wa 1988, akimtafuta mama aliyemzaa, alimkuta Ethiopia, jirani zetu hapa, akifanya kazi ya kuwasaidia wenye njaa. Mama huyo akamkabidhi kwa Joker, adui mkubwa wa Batman. Jason alipigwa kwa mtaimbo, kisha bomu likalipuka. Na kufa kwake kuliamuliwa na wasomaji. Wachapishaji walitoa namba mbili za simu, kila simu senti 50 za Marekani, na kura 5,343 zikasema afe dhidi ya 5,271 zilizosema aishi. Sijui ni mtoto gani wa kasri angepigiwa kura hiyo.

Baada ya hapo Batman aliliweka vazi la Jason ndani ya kabati la kioo pangoni mwake. Aliomboleza kweli, simnyimi hilo. Lakini 1989 akaja Robin mwingine, Tim Drake. Watetezi wa Batman hupenda kumtaja Tim kwa sababu alijileta mwenyewe, akisema Batman anaharibikiwa bila Robin. Kwangu hilo linazidisha kosa: mvulana mdogo amejitwika mzigo wa kumtuliza mtu mzima, na mtu mzima amekubali. Katiba yetu, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kazi za hatari na za unyonyaji. Haikuweka kando mtoto aliyejitolea.

Dick naye alikua, akajitegemea, akawa shujaa kwa jina lake la Nightwing. Wengi humtaja kama ushahidi kwamba malezi yale yalikuwa mema. Basi wasome na yaliyochapishwa 2009: Dick anapovaa joho la Batman, anamchukua Damian, mwana wa Bruce wa umri wa miaka 10, na kumfanya Robin.

Kuhusu maskini sitasema mengi. Bruce hutoa pesa kupitia wakfu wa familia yake, kwa hiyo wanaosema hasaidii wanamwonea. Ila analala kwenye kasri nje ya mji, anashuka usiku, na maskini anaokutana nao ni wale waliokodiwa na wakubwa wa uhalifu kulinda mlango. Hao anawavunja mikono. Linganisha na Daktari Leslie Thompkins, aliyemfariji Bruce usiku ule wazazi wake walipouawa. Huyu mama anaendesha zahanati ya maskini katika kichochoro hicho hicho, anawatibu hata hao waliovunjwa mikono, na amempinga Bruce waziwazi kuhusu vita vyake. Wako ndani ya hadithi moja, wanafahamiana tangu Bruce akiwa mtoto. Natamani mwandishi mmoja atuandikie Bruce akienda mchana kwenye zahanati ile, bila kinyago, amuulize daktari anahitaji nini na amletee, na Dick awe shuleni.