Bati la shingoni usiling'oe

Gobore langu la kwanza nililinunua mnadani, mashariki ya Tennessee. Magobore ya milima ile ya kusini mwa Marekani hayana madoido: chuma cheusi mahali ambapo wengine waliweka shaba, mtutu wa pembe nane, mara nyingi unaozidi mita moja, na kwenye kitako kitundu tu cha kutia mafuta ya kulainishia vitambaa vya kuvishia risasi. Nililipenda papo hapo, nikakimbilia koleo. Hapo ndipo nilipoharibu.

Lakini tuanze na usalama. Gobore la kale lihesabu kuwa limeshindiliwa mpaka uhakikishe. Teremsha mdeki, ule ufito wa kushindilia, taratibu hadi ugote, bana kwa kidole kwenye mdomo wa mtutu, uutoe, kisha uulaze ubavuni kwa nje, kidole kikiwa palepale mdomoni. Ncha ikifika karibu na tundu la moto, kile kitundu cha nyuma ya mtutu kinachopitisha moto hadi kwenye baruti, mtutu ni mtupu. Ikipungua vidole viwili vitatu, kuna kitu ndani, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu huwaka hata baada ya miaka 100. Usichokonoe. Mpelekee fundi wa bunduki.

Sasa koleo. Shingo ya kitako, pale mkono unaposhika, ilikuwa imezungushiwa bati na kupigiliwa misumari midogo. Nikaona ni uchafu, nikaling'oa. Kumbe ndilo lililoshikilia ufa uliotoka chini ya mtambo wa kufyatulia hadi kitakoni! Ubao ukaachana mikononi mwangu, na misumari ikakataa kushika tena. Wengine walizungushia ngozi mbichi, ambayo ikikauka hukaza kama pingu. Vyote hivyo ni sehemu ya bunduki.

Siku hizi natazama kwanza, taa ikimulika kutoka ubavuni. Kwenye bamba la mtambo natafuta matundu ya skrubu yasiyo na kazi. Fataki, vile vikofia vidogo vinavyolipuka vikigongwa, zilipoenea, kuanzia miaka ya 1830 hivi, watu hawakutupa gumegume zao, bunduki za kuwashwa kwa cheche za jiwe; walivua kisahani cha baruti na chuma cha kupigia jiwe, wakakaza kijipipa chenye chuchu ya fataki kwenye tundu la moto. Jina lililochorwa kwenye bamba nalo lisikudanganye. Mitambo mingi ilinunuliwa tayari, mingine ikitoka Birmingham, Uingereza. Jina la fundi litafute juu ya mtutu.

Kisha shabaha ya nyuma, kile kipande cha kulengea kilicho juu ya mtutu. Ukiona mfuo wake wa zamani umezibwa kwa kipande cha chuma, na chini ubaoni vitundu vya pini vilivyozibwa, huenda mtutu ulikatwa upande wa nyuma ulipoliwa na baruti, ukasogezwa. Mifereji ya ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi, ikichakaa ilichongwa upya, tundu la mtutu likapanuka, ikabidi na kalibu ya kusubia risasi ibadilishwe.

Kiraka cha zamani kimelainishwa na viganja, na kingo zake zimejaa weusi. Kikiwa na kingo kali zinazong'aa, muulize muuzaji, na bei ishuke.

Bati langu liko kwenye bahasha pamoja na misumari yake saba, likimsubiri fundi mvumilivu kuliko mimi.