Ukivuka Manyoni, nipigie

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa Chang'ombe, Dodoma, hatujambo, ila bibi yako magoti yanamsumbua na baridi hii ya Juni. Jumapili uliniuliza kwenye simu kama mjomba wako naye anakumbukwa Siku ya Mashujaa, nikakuambia salio linaisha. Salio lilikuwepo. Nilishikwa na kilio, sikutaka ukisikie.

Tarehe 25 Julai, viongozi wanapoweka mkuki na ngao pale mnarani, wanakumbukwa waliokufa wakiitetea nchi, na wazee wengi fikra zao zinakwenda Kagera, kwenye vita ya 1978 na 1979. Mjomba wako hakwenda vitani. Alikuwa konstebo wa polisi, akafia barabarani kati ya Manyoni na Bahi, usiku, akiwa doria.

Wewe ulikuwa bado mgongoni. Enzi hizo majambazi walikuwa wakipanga mawe na magogo barabarani, gari likisimama wanawavua watu hadi viatu. Usiku ule lori la mizigo lilikwama mbele ya magogo. Gari la doria lilipofika, mjomba wako ndiye aliyetangulia kushuka. Dereva wa lori alikuja msibani akatusimulia: alimsikia akiwapigia kelele abiria waliokuwa juu ya mizigo, "Laleni! Laleni chini!", na yeye mwenyewe bado amesimama. Risasi ilimwingia chini ya kwapa. Juu ya yale magunia walikuwemo mama na watoto wawili, wakafika salama.

Nikimkumbuka, namwona uani kwetu, amerudi likizo kutoka depo Moshi. Amekaa kwenye kigoda, kopo la kiwi kwenye goti, anatemea kiatu mate kidogo, anasugua kwa kipande cha kanga yangu kuukuu mpaka kinang'aa. Daima alianza na cha kushoto. Bibi yako alikuwa akimwambia anajichosha bure, vumbi la Dodoma litakilamba kabla hajafika stendi. Anacheka, anaendelea. Ile brashi uliyopigia viatu vyako miaka saba ya shule ya msingi ilikuwa yake. Nilishindwa kukuambia.

Walipouawa wale askari wanane Kibiti, tarehe 13 Aprili 2017, wakirudi kutoka lindoni, nilizima redio nikaenda kukaa kwenye mizabibu. Nilifanya hivyohivyo Julai 2015, walipouawa wanne kituoni Stakishari. Redio inataja idadi, kesho yake kuna habari nyingine. Mimi nilikuwa nawaza zile nyumba: mtu amelishika shati lililotoka kufuliwa, hajui aliweke wapi.

Najua wanayosema vijana wenzako kuhusu polisi, na mengine ni kweli. Mimi mwenyewe nimeshadaiwa hela ya chai na mwenye sare. Iliniuma mara mbili, maana alinidai akiwa amevaa nguo aliyofia ndugu yangu. Lakini sitakubali makosa ya yule yamfute huyu. Mjomba wako ni shujaa, mwanangu, na ningependa siku moja nisikie jina lake likisomwa hadharani, wenzake wamesimama wima. Mpaka hapo, asubuhi ya tarehe 25 mimi na bibi yako tunakwenda makaburini na jembe, tunapalilia, bibi anaongea naye Kigogo, tunarudi.

Mwaka huu njoo twende pamoja. Panda basi la usiku kutoka Mwanza, siku hizi yanaruhusiwa. Ukivuka Manyoni usilale. Hata ikiwa saa tisa usiku, nipigie, tuongee mpaka mfike Bahi. Nitakuwa macho.

Mama yako