Laini Mpya, Mambo ya Mwenyewe wa Kwanza: Maswali Yenu na Majibu

Hamjambo wasomaji wangu. Mwezi huu nilitaka tuongee habari za mikataba ya nyumba za kupanga lakini barua za laini za simu zimekuja nyingi mpaka nikaona nikizipuuza nitakuwa nimewakosea. Nimechukua nne. Mbili nimezijibu kwa urefu kwa sababu zinagusa pesa, na pesa ndiyo inayonyima watu usingizi.

SWALI

Dada, salaam. Mimi nauza viazi karai na bajia hapa Kongowea. Simu yangu iliibiwa kwenye matatu, na ile laini haikuwa kwa jina langu, basi nikaona bora ninunue mpya kabisa. Nikaenda dukani na kitambulisho changu nikasajiliwa vizuri. Wallahi wiki haikuisha. Alfajiri nachanganya unga mwanamume anapiga aniuliza "hiyo loni utalipa lini", namwambia ndugu umekosea namba, aniita jina si langu na matusi juu yake ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tangu siku hiyo ni kila siku, mara tatu mara nne. Shule yanitumia meseji za karo ya mtoto nisiyemjua, chama cha kina mama chanikumbusha zamu yangu ya kuchanga, na benki moja yaniambia pesa zimetoka kwa akaunti. Jumamosi ndiyo nilitetemeka, shilingi 3,500 zikaingia kwa M-Pesa na baadaye mama mmoja akanipigia kwa sauti ya uzee, "mwanangu, hela ya dawa umeipata?" Sijaigusa hata senti. Nifanyeje? Na hili deni si litanipeleka CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo?
Mama Viazi, Kongowea

JIBU

Mama Viazi, pole sana, na nakushukuru kwa kutoigusa ile pesa, maana wengi wangesema ni riziki imejileta.

Tuanze na deni. Deni si la laini, ni la mtu. Aliyekopa alikopa kwa kitambulisho chake, na CRB nao wanafuata namba ya kitambulisho, kwa hivyo wewe hujaingia popote. Hiyo namba ilikuwa ya mtu mwingine, akaacha kuitumia muda mrefu, kampuni ikaikata, ikakaa kidogo, halafu ikarudishwa sokoni ukauziwa wewe. Namba hazitengenezwi upya kila mtu anapotaka laini, zina idadi yake, ndiyo maana 2019 tukaanza kuona hizi zinazoanza na 01 baada ya miaka yote ya 07. Kampuni imeshafuta jina lake kwenye laini, lakini haiwezi kulifuta kwenye daftari la shule wala la chama wala la mkopeshaji. Huko bado wanajua namba hii ni yake.

Huyo anayekutukana usibishane naye kwa simu, hutamshinda. Mwandikie meseji moja tu, fupi: namba hii nimeinunua tarehe fulani, imesajiliwa kwa jina langu, mimi si mteja wenu, iondoeni kwenye rekodi zenu. Iweke hiyo meseji. Piga skrinishoti za matusi pia. Akiendelea una pa kwenda. Sheria yetu ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inakupa haki ya kutaka taarifa za uongo zinazokuhusu zirekebishwe au zifutwe, na malalamiko yanapokelewa na ofisi ya Kamishna wa Data. Halafu kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za 2022, zinazosimamiwa na Benki Kuu, zinakataza mkopeshaji kutisha na kutukana hata yule anayedaiwa kweli, sembuse wewe ambaye hujakopa hata shilingi. Yaani hapo yeye ndiye mwenye makosa, na tafadhali usijione mnyonge kwa sababu wauza viazi, sheria haikuuliza kazi.

Sasa ile 3,500. Najua moyo wakutuma umrudishie mama wa watu leo leo, lakini usiitume wewe kwa mkono wako, na hasa usiitume kwa namba nyingine atakayokupa mtu kwa simu. Matapeli wanaitumia njia hiyo hiyo: pesa inaingia kwako, mtu anapiga analia amekosea, unamtumia, halafu ile ya kwanza inarudishwa na kampuni na wewe umebaki umetoa yako. Mwambie huyo mama kwa upole kwamba mwanawe hana namba hii tena, atafute mtu wa kumsaidia autume ule ujumbe wake wa M-Pesa kwenda 456, ombi la kurudishiwa litaanzia hapo. Wewe iache pesa ikae, usitoe wala usilipie unga. Na mwambie tena akituma siku nyingine alisome lile jina linalotokea kabla hajakubali, jina likiwa si la mwanawe asitishe papo hapo.

Shule na chama wapigie mara moja uwaambie. Hiyo si kazi yako, ni kweli, lakini kuna mtoto hapo ambaye mzazi wake hajui kama anaitwa shuleni. Meseji za benki usizijibu na usibonyeze chochote, ukipita karibu na tawi lao waambie namba hii si ya mteja wao tena.

SWALI

Habari yako mhariri. Mimi ni wa Likoni, nilienda Qatar kazi ya ulinzi miaka miwili na miezi, laini ya huku niliiacha nyumbani ndani ya droo kwa sababu kule nilinunua ya kule. Nimerudi nimeiweka kwa simu haishiki mtandao, kwenda dukani naambiwa ina mtu mwingine. Sasa kila kitu changu kiko kwa ile namba, benki, imeli, Facebook, eCitizen ile ya huduma za serikali, nikijaribu kuingia wanatuma zile namba sita kwa simu ya mtu. Nimempigia huyo jamaa nikamwomba anisomee, akakata simu akanibloku. Kwa nini mtu awe na roho mbaya hivi? Na naweza kuipata namba yangu? Kulikuwa na kama elfu nane kwa M-Pesa.
Mwana wa Likoni

JIBU

Karibu nyumbani, na nitakwambia kitu hutakipenda: huyo jamaa hana roho mbaya. Kila siku twaambiwa mtu akikupigia akitaka umsomee namba za kuthibitisha ni mwizi, na yeye amefanya vile tulivyofundishwa. Angekusomea wewe, kesho angemsomea mwingine anayejifanya wewe.

Kurudishiwa namba usiweke tamaa kubwa. Namba ni mali ya nchi, Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayozigawa kwa kampuni na sisi twazitumia tu, na sasa ile iko kwa mtu aliyeisajili kihalali. Laini mpya unayo? Basi tuanze kazi, na fuata mpangilio huu maana ukianza na Facebook kwa sababu ya picha utaacha mlango wa pesa wazi.

Benki kwanza, na uende wewe mwenyewe na kitambulisho, usipige simu. Waambie waiondoe namba ya zamani kila mahali, kwenye apu, kwenye meseji, kwenye ile huduma ya kutoa pesa kwa simu, na kabla hujaondoka kaunta omba wakuoneshe namba waliyobaki nayo. Nimesikia watu wamebadilishiwa kwenye akaunti ikasahaulika kwenye apu.

Imeli ya pili, maana imeli ndiyo funguo ya vyumba vingine vyote. Kama uliwahi kuingia ukiwa Qatar kwa simu uliyonayo, huenda bado imefunguka humo, basi ingia sehemu ya usalama ubadilishe namba leo, usingoje kesho. Ukishaipata imeli, Facebook na vingine vingi vitakubali kukutumia kiungo huko badala ya simu. eCitizen wakikusumbua fika Huduma Centre na kitambulisho.

Ile elfu nane haikupewa huyo mtu, hilo lipumzishe. Akaunti ya M-Pesa iko kwa kitambulisho chako, na mwenye namba mpya anafungua yake upya. Nenda duka la kampuni udai. Pesa zilizolala muda mrefu bila mwenyewe hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na huko pia mwenyewe anadai na anapewa, ila ni mzunguko.

Na nyinyi mlio na ndugu Doha, Dammam, Muscat, someni hapa tafadhali. Laini ya mtu aliyesafiri msiiache kwa droo. Iwekeni kwa simu yoyote kachovu, itiwe kredo kidogo na itumike mara kwa mara, au kabla hajapanda ndege abadilishe namba benki na kwenye imeli. Hapa kwetu vijana wanaondoka kila mwezi, wanaagwa mpaka uwanja wa ndege na dua na maandazi, na hakuna hata mmoja anayeuliza laini yako itabaki vipi. Linaniuma hili kwa sababu ni kazi ya nusu saa tu.

SWALI

Sasa dada, laini niliyonunua nimejaribu kuweka namba kwa Facebook nikabonyeza nimesahau pasiwedi ikaniletea akaunti ya msichana fulani, nikaingia, ina picha zake na meseji zote. Sijaharibu kitu, naangalia tu. Kuna ubaya?
Kijana, Kisauni

JIBU

Ubaya upo, toka humo sasa hivi. Kununua laini hakukupi ruhusa ya kuingia kwenye akaunti ya mtu. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 inaadhibu kuingia bila idhini, faini hadi milioni 5 au jela hadi miaka 3 au vyote viwili, na haisemi kama ulikuwa "unaangalia tu". Fikiria ni dadako, na meseji zake zasomwa na mwanamume asiyemjua huko Likoni ama Mtwapa.

Na usidhani ni bahati yako peke yako. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichunguza namba 259 zilizokuwa tayari kupewa wateja wapya huko kwao, wakakuta 171 bado zimefungamana na akaunti za wenyewe wa zamani kwenye tovuti maarufu. Na Marekani kuna sharti kwamba namba ikae angalau siku 45 kabla ya kupewa mwingine. Siku 45 ni nini kwa mtu aliye safarini au hospitalini?

SWALI

Mwanangu, mume wangu alifariki mwaka jana. Laini yake sikuilipia kitu. Nilikuwa namwandikia WhatsApp usiku nikishindwa kulala. Juzi nimefungua nikaona picha ya kijana simjui, pale palipokuwa na picha yake na kanzu ya Idi. Nimelia sana. Je, yale niliyomwandikia kijana huyu ameyasoma? Na sauti zake zimepotea?
Mjane, Mji wa Kale

JIBU

Mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimeisoma barua yako mara nyingi kabla ya kujibu.

Yale ya zamani, yaliyokwisha kufika kwenye simu ya marehemu, hayahamii kwake kwa kuwa na laini tu, mazungumzo yalikaa kwenye simu ya marehemu na simu yako. WhatsApp wenyewe wanasema akaunti isipotumika siku 45 halafu ikafunguliwa kwa simu nyingine, wanahesabu kwamba namba imepata mtu mpya, na wanafuta picha na maelezo ya yule wa kwanza. Ndiyo maana picha ya kanzu imeondoka. Lakini kuanzia sasa ukiandika, utakuwa unamwandikia kijana huyu, basi mama usiandike hapo tena. Andika kwenye daftari, au mahali pengine pako mwenyewe.

Sauti zake hazijapotea, zimo ndani ya simu yako kwenye mazungumzo yale yale, mradi hujayafuta. Usiyafute, na usibadilishe simu bado. Mwite mwanao au mjukuu akae nawe, afungue mazungumzo hayo, atoe sauti na picha zote aziweke kwenye imeli na kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumbani. Na ile picha ya Idi kama iko kwenye simu ya jamaa yeyote, aitume leo ikachapishwe pale studio.