Farasi wako apewe dawa ya minyoo mara ngapi?

Kila nikikutana na wenye farasi wanaopandisha watalii kule Bamburi na Nyali, fukwe za Mombasa, swali ni hilohilo: dawa ni baada ya miezi mingapi? Wengi hutoa kila miezi miwili, farasi wote siku moja, awe amenona au amekonda. Mtindo huo ni wa tangu miaka ya 1960, enzi ambapo tishio kubwa lilikuwa minyoo wakubwa wanaoharibu mishipa ya damu ya tumboni. Siku hizi wasumbufu ni wale wadogo, na kwa dawa za kila mara wamekuwa sugu.

Mimi kwanza napimisha kinyesi, maabara wahesabu mayai ya minyoo. Katika kundi la farasi wazima, takriban mmoja kati ya watano ndiye anayemwaga mayai mengi. Asiyefika mayai 200 kwa gramu namwacha. Aliyepita 500 anapewa dawa. Wa katikati tunashauriana na daktari wa mifugo. Lakini hata aliye safi hamalizi mwaka bila dozi moja au mbili. Napenda kupima masika yakianza na vuli ikianza, kwa sababu mabuu ya minyoo hustawi kwenye majani mabichi. Jua la Januari huwamaliza wengi.

Kwa joto letu hili, sampuli haitaki mchezo. Okota kinyesi kingali na moto, ukiwa umevaa glavu, kisha igeuze glavu ndani nje iwe ndiyo mfuko wa kinyesi (mifuko ya plastiki si tulipigwa marufuku 2017), kamua hewa yote, funga fundo, weka kwenye barafu. Kikishinda juani mayai yanaanguliwa, halafu maabara wakuambie farasi hana kitu.

Uzito nao usikisie kwa macho, kwani dozi pungufu ndiyo inayolea usugu. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzingo wa kifua na urefu kutoka bega hadi tako. Mzingo mara mzingo mara urefu, gawa kwa 11,880. Mzingo wa sentimita 160 na urefu wa 145 ni kama kilo 312.

Wiki mbili baada ya dawa, pima tena. Mayai yakiwa bado tele, badilisha aina ya dawa, si boksi tu. Agroveti wanaweza kukuuzia dawa ileile, tuseme ivamektini, yenye jina jingine.

Watoto wa farasi hawaingii kwenye hesabu hii. Wao huanza dawa wakiwa na miezi miwili au mitatu, wapate kama dozi nne mwaka wa kwanza, na ivamektini peke yake mara nyingi haiwezi wale minyoo wao warefu weupe.