Binti wa bweni hapati usingizi, na shule inasema anadeka

Pole mama uliyeniandikia. Binti yako wa kidato cha pili, wiki tatu hapati usingizi, anakula kidogo na maksi zimeshuka: huko si kudeka, huenda ni sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni nzito isiyoisha.

Anza na mwalimu wa ushauri nasaha, ana kwa ana, si kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Mwombe mambo ya mtoto yasifike stafrumu. Siri ikivuja, binti hatafunguka tena. Kisha omba ruhusa ya matibabu kwa maandishi, umpeleke kituo cha afya. Wapime damu kwanza, maana upungufu wa damu nao huchosha hivyohivyo. Dai barua ya rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili, hospitali ya mkoa. Ukiruka rufaa, bima inaweza kukataa kulipa.

Akiandikiwa dawa za sonona, matron azitunze na ampe kila siku. Nyingi huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nafuu, na wengi huziacha hapo katikati, au likizo wakijiona wamepona. Asiache bila daktari.

Akitaja kufa au ukiona amejikata, usingoje miadi: hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Namba 116, simu kwa mtoto, ni bure.